Ardhi ya reli iwe njia ya wakimbiaji kabla ya kunyakuliwa

Reli haikupita mjini Machakos. Wajenzi wa reli ya Uganda walipoanza kazi yao Mombasa mwaka 1896, Machakos ulikuwa tayari mji wenye jina, makao ya Waingereza huku bara na kituo cha misafara, ilhali pale paitwapo Nairobi leo palikuwa kinamasi tu cha kunyweshea mifugo. Lakini wahandisi walichagua nyanda za Kapiti na Athi, ambako kazi ilikuwa nyepesi, wakauacha mji nyuma ya vilima vyake. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, John Ainsworth, aliyekuwa msimamizi wa serikali ya kikoloni hapo Machakos, alifungasha virago akaifuata. Mji uliokuwa wa kwanza ukawa wa pili, kisha ukawa mji wa wilaya kama miji mingine.

Habari hii husimuliwa kama hadithi ya hasara, na hasara ilikuwepo. Hata hivyo, reli iliyoupita mji haikuipita kaunti. Inaingia Mavoko kutoka Nairobi, inapita Syokimau na Athi River, kisha inakata mbuga kuelekea Konza, ambako tawi la Magadi, lililokamilika mwaka 1915, linachepuka kwenda Kajiado. Simulizi za Wakamba zinasema kwamba kabla ya haya yote kutokea, nabii wa kike aliyeitwa Syokimau alitabiri ujio wa nyoka mrefu ambaye angetambaa kutoka maji hadi maji. Nyoka huyo alikuja kweli. Na mwezi wa Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni mpya ya treni za abiria katika mtaa unaoitwa kwa jina la nabii yule yule.

Leo ningependa kuzungumza na walimu na wanafunzi kuhusu ardhi iliyo kando ya nyoka huyo. Tangu mwaka 2017, reli mpya ya kisasa ilipoanza kusafirisha abiria baina ya Mombasa na Nairobi, treni ya abiria ya masafa marefu imeacha kupita katika reli ya zamani. Mizigo michache ingali inapita, na treni za wafanyakazi wa Nairobi zingali zinafika Syokimau, lakini pilikapilika za zamani hazipo tena. Kilichobaki ni ukanda mrefu wa ardhi ya umma, uliosawazishwa kwa jasho la maelfu ya vibarua, usiokatizwa na ua la mtu wala lango la mtu. Rai yangu ni kwamba ukanda huu utengewe njia ya watembeao na wakimbiao kwa miguu, na kwamba jambo hili lifanywe sasa, kabla ardhi yenyewe haijamezwa.

Huenda msomaji akauliza: je, Mkenya naye ahitaji kutengenezewa njia ya kukimbilia? Si sisi tunaosifiwa duniani kote kwa mbio? Swali hili ni la haki, na jibu lake liko barabarani. Atakaye kukimbia katika vitongoji vya Mavoko alfajiri, kabla ya kazi au masomo, ana barabara ya Mombasa na barabara zinazoiingia. Huko atakutana na malori yatokayo bandarini, matatu zinazowania abiria, na bodaboda zinazopita pande zote mbili, hata juu ya kijia cha waendao kwa miguu. Katika miaka ya karibuni zaidi ya watu 4,000 wamekufa kila mwaka katika ajali za barabarani nchini, na kundi kubwa kuliko yote katika hesabu hiyo ni la wale wasio na gari: watembea kwa miguu. Mwenye kukimbia alfajiri, kabla giza halijatoka, ni mtembea kwa miguu aliye katika hatari maradufu.

Wapo watakaosema kwamba mwanariadha halisi huenda uwanjani. Uwanja wa Kenyatta mjini Machakos ni fahari ya wenyeji, na una kazi yake. Lakini mzunguko mmoja wa uwanja wa riadha ni mita 400. Anayejitayarisha kwa mbio ndefu, na ambaye kocha amemwandikia kilomita 20 siku ya Jumamosi, atalazimika kuzunguka mara 50, akipinda upande ule ule wa kushoto kila wakati, mpaka magoti na nyonga zianze kulalamika. Mbio za masafa marefu huhitaji masafa marefu. Huhitaji njia inayokwenda na kuendelea, ambako mkimbiaji aweza kuushika mwendo mmoja kwa saa nzima bila kusimamishwa na honi.

Tena haya si mambo ya kubuni kwa watu wasiojua mbio. Ukambani kumezaa mabingwa, ijapokuwa majina yao husahauliwa kila riadha inapotajwa na vidole vyote vikaelekezwa Bonde la Ufa. Michael Musyoki, mzaliwa wa Machakos, alipata nishani ya shaba katika mbio za mita 10,000 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Cosmas Ndeti, mzaliwa wa Machakos vilevile, alishinda mbio za marathoni za Boston mara tatu mfululizo, mwaka 1993, 1994 na 1995, na muda wake wa saa 2 dakika 7 na sekunde 15 aliouweka mwaka 1994 ulidumu kama rekodi ya njia hiyo kwa miaka 12. Patrick Ivuti wa Kangundo alishinda Chicago mwaka 2007, siku ya joto kali mno, kwa tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde moja baina yake na Jaouad Gharib wa Morocco. Jirani yao wa Kitui, hayati Benson Masya, ndiye aliyeshinda mbio za kwanza kabisa za ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 1992.

Hawa walikua wakati ambapo njia za miguu zilipita katikati ya mashamba, na mtoto angeweza kukimbia kutoka kilima hadi kilima bila kuulizwa. Sasa mashamba yale yamegawanywa viwanja, viwanja vimezungushiwa kuta, na njia za miguu zimefungwa moja baada ya nyingine. Mtoto anayezaliwa leo Syokimau, Mlolongo au Athi River anakulia katika mji unaopanuka haraka kuliko miji mingi nchini, lakini ambao haukumwachia pa kutimulia mbio. Tusishangae basi ikiwa vitabu vya rekodi vitakosa jina la Kikamba kwa muda mrefu.

Kwa nini basi ardhi ya reli, wala si ardhi nyingine? Sababu iko katika fizikia ambayo wanafunzi wa shule za upili wanaifahamu. Gurudumu la chuma juu ya pao la chuma lina msuguano mdogo sana. Ndiyo maana treni moja huvuta mzigo ambao ungehitaji malori mengi. Lakini ndiyo maana pia treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa kuwa magurudumu yangeteleza. Mhandisi wa reli hana budi kuchonga kilima kinapoinuka, kujaza tuta bonde linapodidimia, na kuzungusha kona zake taratibu. Matokeo yake ni njia ambayo mwinuko wake kwa kawaida hauzidi mita mbili kwa kila mita mia moja. Mzee wa miaka 70 huweza kuitembea bila kutweta, mtoto mwenye baiskeli ya magurudumu huweza kuipita, na mkimbiaji huweza kupima kasi yake bila kudanganywa na miteremko.

Jambo hili liligunduliwa na wengine kabla yetu. Magharibi mwa jiji la Chicago, huko Marekani, kulikuwa na reli ya umeme iliyowapeleka watu wa vitongoji kazini. Barabara kuu za magari zilipojengwa abiria walipungua, na mwezi wa Julai 1957 treni za abiria zilisimamishwa ghafla mchana, hata watu waliokwenda mjini asubuhi wakakosa treni ya kuwarudisha nyumbani. Muda si muda reli yote ikaachwa. Mwaka 1963, May Theilgaard Watts, mwalimu wa elimu ya mimea aliyekuwa na umri wa miaka 70, aliandika barua kwa gazeti la Chicago Tribune, akapendekeza ukanda ule ugeuzwe njia ya miguu kabla haujagawanywa vipande vipande. Barua ile haikuandikwa na waziri wala tajiri. Iliandikwa na mwalimu. Njia iliyozaliwa na barua hiyo, iitwayo Illinois Prairie Path, leo ina urefu wa karibu kilomita 100, nayo hupita katika vitongoji vile vile ambavyo wakazi wake hufurika mitaani kila Oktoba kuwashangilia Wakenya katika marathoni ya Chicago.

Nchini Uingereza nako, reli nyingi ndogo zilifungwa katika miaka ya 1960. Baina ya miji ya Bristol na Bath, raia wapenda baiskeli walishika majembe wenyewe, na kati ya mwaka 1979 na 1986 wakaigeuza reli iliyokufa kuwa njia ya kilomita zipatazo 21, ambazo kwa bahati njema ni sawa na nusu marathoni. Leo wanafunzi huenda shuleni kwa njia hiyo, wafanyakazi huenda kazini, na wakimbiaji huihesabu njia hiyo kuwa uwanja wao. Marekani kwa jumla sasa ina zaidi ya kilomita 40,000 za njia za namna hii.

Lakini fundisho kubwa kuliko yote ni la kisheria. Mwaka 1983, bunge la Marekani lilirekebisha sheria ya njia za miguu ili kampuni ya reli isiyohitaji tena reli fulani iweze kuukabidhi ukanda wake utumike kama njia ya miguu, huku haki ya kurudisha reli ikihifadhiwa. Yaani ardhi huwekwa kama akiba benki. Watu huitumia leo kwa mbio na matembezi. Siku taifa likihitaji treni, ukanda ungali mzima, haujauzwa, haujajengwa. Mkimbiaji anakuwa mlinzi wa reli asiyelipwa mshahara.

Na sisi Afrika Mashariki tulifanya nini na reli zetu zilizokufa? Unguja ilikuwa na reli ndogo kutoka mjini hadi Bububu, iliyofunguliwa mwaka 1905. Iliacha kubeba abiria mwaka 1922, magari yakachukua mahali pake, na leo anayeikumbuka ni mwanahistoria. Kusini mwa Tanganyika, Waingereza walijenga reli ya kupeleka karanga bandarini Mtwara kutoka Nachingwea, mradi ulioanza kwa mbwembwe baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kuporomoka katika muda mfupi. Reli ile ilifungwa mwaka 1962, kisha pao zake zikang'olewa. Hakuna aliyesema wakati huo kwamba ukanda ulionyooshwa kwa gharama kubwa hivyo ungefaa kubaki mali ya watu wote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sharti niseme hapa, tena kwa msisitizo kwa ajili ya wanafunzi, kwamba reli ya Machakos haijafa kama zile. Kukimbia juu ya mataruma ya reli inayotumika ni hatari, na ni kosa kisheria. Garimoshi haliwezi kusimama ghafla kama baiskeli. Uzito wake hulisukuma mbele mamia ya mita baada ya dereva kufunga breki, na mwenye vifaa vya muziki masikioni huenda asilisikie hata kidogo. Aidha, kokoto zilizotandazwa chini ya reli huvunja vifundo vya miguu. Njia ninayoizungumzia ni ya pembeni, katika ardhi ya akiba iliyo kando ya reli, iliyotengwa kwa uzio au mtaro, iliyoshindiliwa udongo wa changarawe ambao ni laini kwa magoti kuliko lami. Pale ambapo tawi la reli limeachwa kabisa na Shirika la Reli la Kenya likaridhia, hapo ndipo tuta lenyewe laweza kutumika.

Sasa tufikie kiini cha jambo. Ardhi ya umma isiyo na matumizi yanayoonekana, katika nchi hii, haina maisha marefu. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi za umma, zikiwemo za mashirika ya serikali, zilivyogawanywa kinyume cha sheria kwa miongo kadhaa. Na huko huko Mavoko, mwezi wa Oktoba 2023, matingatinga yalibomoa nyumba za watu waliojenga katika ardhi ambayo mahakama iliamua kuwa ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Ardhi ile haikuwa ya reli, lakini fundisho lake linahusu kila ardhi iliyoachwa bila mtu wa kuitazama. Kwanza huja mtu mwenye karatasi, kisha huja mwananchi mwenye akiba yake ya miaka 20, kisha huja tingatinga. Anayelia mwishoni si yule mwenye karatasi.

Njia ya miguu haiwezi peke yake kuzuia unyakuzi, lakini inafanya lile ambalo vigingi na mabango hayajaweza. Inaweka macho juu ya ardhi. Mahali ambapo watu 300 hupita kila asubuhi, hapana mtu awezaye kusimamisha ukuta usiku bila kuulizwa kesho yake. Wanafunzi wa mbio watagundua kigingi kilichong'olewa kabla ya mkaguzi yeyote kutoka Nairobi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inaeleza ardhi ya umma ni ipi. Lakini sheria isiyo na raia wa kuilinda ni sawa na shamba lisilo na mlinzi wakati wa mavuno.

Sitaki kuyapuuza mapingamizi, maana yapo na yana uzito. La kwanza ni kwamba kando ya reli kuna watu wanaoishi na kuuza mboga, mitumba na chakula. Je, tuwafukuze maskini ili wenye viatu vya bei ghali wapate kukimbia? La, hasha. Njia inayojengwa kwa kuwatupa watu nje ya riziki zao haitapendwa na mtu wala haitadumu. Palipo na soko, njia na ipinde, na muuzaji apewe kibanda halali. Mama mwenye uji na ndizi atapata wateja zaidi kwa wakimbiaji waliochoka kuliko alivyopata kwa reli iliyo kimya. Palipo na makazi, mazungumzo na fidia vitangulie majembe.

La pili ni kwamba jambo hili ni anasa. Kaunti yenye shida ya maji, wasema wapinzani, haina haki ya kutumia fedha kwa mbio. Nakubali kwamba maji ni kwanza, na hakuna mkazi wa Ukambani atakayebishana juu ya hilo. Lakini gharama ya kushindilia changarawe juu ya ardhi iliyokwisha kusawazishwa haiwezi kulinganishwa na gharama ya barabara mpya. Isitoshe, watumiaji wakuu wa njia hiyo hawatakuwa wanariadha. Watakuwa wafanyakazi wa viwanda vya Athi River wanaotembea kwenda kazini kwa sababu nauli imepanda, na watoto wanaokwenda shuleni. Kuwaita watu hawa wapenda anasa ni kuwatukana.

La tatu ndilo zito zaidi: usalama, hasa wa wasichana. Njia ndefu isiyo na watu ni maficho ya wahalifu, na mzazi yeyote atasita kumruhusu bintiye kukimbia huko peke yake saa kumi na moja alfajiri. Pingamizi hili halijibiwi kwa maneno matupu. Hujibiwa kwa taa karibu na vituo, kwa kufyeka vichaka, kwa kuweka milango mingi ya kuingilia na kutokea, na zaidi ya yote kwa wingi wa watu. Vikundi vya mbio vya shule, vikiongozwa na walimu, ndivyo vitakavyoifanya njia kuwa salama kwa wasichana, na wasichana watakapoikubali njia, kila mtu ataikubali. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Nani basi afanye nini? Ugumu uliopo ni kwamba jambo hili limekaa baina ya serikali mbili. Reli na ardhi yake ni mambo ya serikali ya taifa kupitia Shirika la Reli la Kenya. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi serikali za kaunti mipango ya miji, viwanja vya michezo na bustani za burudani. Kila mmoja aweza kumwonyesha mwenzake kidole, na miaka ikapita. Kinachohitajika ni makubaliano ya maandishi baina ya kaunti na shirika, kwa kipande kimoja cha kuanzia, mathalani kati ya Syokimau na Athi River, ambako watu ni wengi na haja ni kubwa. Makubaliano hayo yaseme wazi kwamba ardhi inabaki ya reli, kwamba treni ikirejea kwa wingi njia itasogezwa, na kwamba hakuna sehemu yake itakayokodishwa mtu binafsi. Upimaji ufanywe upya, vigingi vipakwe rangi, na ramani yake ibandikwe mahali ambapo kila mwananchi aweza kuisoma.

Lakini sitarajii ofisi zianze zenyewe, na ndiyo sababu nimewaandikia walimu na wanafunzi. Mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi atende, si kukariri tu. Haya basi, hapa pana kazi ya kutenda. Darasa la jiografia na lichukue ramani ya eneo na kuonyesha reli ilipo, mito ilipo na shule zilipo, kisha lihesabu ni wanafunzi wangapi wanaovuka barabara kuu kila siku. Darasa la fizikia na lipime mwinuko. Darasa la historia na liwahoji wazee waliofanya kazi stesheni za Athi River na Konza kabla hawajatutoka. Darasa la Kiswahili na liandike barua rasmi kwa gavana, kwa Shirika la Reli na kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, kwa lugha ya adabu na hoja zilizopangwa. Insha nyingi za barua rasmi huishia katika daftari zikiwa na alama nyekundu pembeni. Hii na iende posta.

Kuna neno pia kwa mwalimu wa michezo. Kipindi cha mazoezi ya mwili kimo katika ratiba ya kila shule, lakini sote tunajua jinsi kinavyogeuzwa kuwa kipindi cha hisabati mtihani unapokaribia. Mwalimu huambiwa kwamba uwanja umejengwa madarasa, kwamba barabara ni hatari, kwamba hakuna pa kuwapeleka watoto. Njia ya kando ya reli ingemwondolea visingizio vyote hivyo kwa pamoja. Si kila mtoto atakuwa Ndeti au Ivuti, wala si lazima. Mtoto aliyezoea kukimbia kilomita tano bila kuogopa gari ameshinda tayari ushindi ambao hauhitaji nishani: mapafu mazima, moyo wenye nguvu, na usingizi mzuri.

Wajenzi wa mwaka 1896 hawakutuuliza reli ipite wapi. Machakos ilibaki kutazama kwa mbali, na wengine wakaamua mustakabali wake kwa rula na kalamu. Safari hii uamuzi haujafanywa bado. Ukanda ungali pale, mrefu na mtulivu, nyasi zikiota kandokando yake, na kila mwaka unapopita kuna ukuta mmoja zaidi unaoukaribia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wahenga. Na sisi tusipoitengeneza njia, wengine watajenga kuta hizo kwa niaba yetu. Mwalimu mmoja wa Chicago aliandika barua moja. Walimu wa Machakos ni maelfu, na wanafunzi wao ni wengi zaidi. Na waandike.